Bei iliyohama kolamu: kisa cha daftari la dagaa Mwaloni Kirumba

Ofisi inayozungumziwa hapa inanunua dagaa wakavu, jirani na soko la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza. Jina lake halina kazi katika uchambuzi huu, na bei na uzito vilivyotajwa ni vya mfano tu ili hesabu ifuatike. Muhimu ni mpangilio wake: kompyuta nne, faili moja. Mhasibu na karani wa mapokezi wana Windows 10. Kwenye mizani kuna mashine ya Ubuntu 22.04, aina ya Linux. Wakala wa Ukerewe anatembea na laptopu kongwe ya Windows 7, na kazi yake hufika mjini kwa flashi. Wote wanatumia LibreOffice, programu ya kazi za ofisi ambayo sehemu yake ya majedwali huitwa Calc, kila mmoja na toleo lake, na wote wanaandika kwenye mapokezi.ods.

Lalamiko lilikuwa hili: kwa mujibu wa daftari, waleta mzigo walikuwa wanaidai ofisi mamilioni ambayo wao wenyewe hawakuwa wanayadai. Stakabadhi za mkono zilipatana na fedha zilizotoka. Daftari ndilo lililosimama peke yake. Dhana ya kwanza ikawa ileile ya siku zote, kwamba kuna magunia yameandikwa mara mbili. Yalikuwepo kweli, lakini machache mno kubeba tofauti yote ile.

Kilichofungua kisa ni karatasi iliyochapishwa. Ripoti ya Januari ilikuwa kwenye jalada, na ilipowekwa kando ya faili, Januari ya kwenye faili ilikuwa ndogo kuliko ya kwenye karatasi. Mwezi uliokwisha kufungwa haubadiliki wenyewe. Ukibadilika, acha kwanza stakabadhi na utafute fomula.

Namba 2 ilibaki 2

Karatasi ya Bei ilikuwa na tarehe za kuanza kwa kila bei kwenye kolamu A, bei ya dagaa wa kichanja kwenye B, na ya dagaa wa mchangani kwenye C. Wa kichanja wamekaushwa juu ya chanja na huliwa na watu. Wa mchangani wamebeba mchanga, wengi wao huishia kwenye chakula cha mifugo, na bei yao ni ya chini. Karatasi ya Mapokezi ilichota bei hivi kwa mzigo wa kichanja:

=VLOOKUP(A2;$Bei.$A$2:$C$200;2)

Namba ya mwisho ni ya kolamu ya kuchota bei, ukihesabu kutoka A. Kwa wa mchangani, 2 hiyo ikawa 3. Fomula hii ilifanya kazi kwa miezi. Kisha ofisi ikaanza kununua dagaa wa kukaanga, na mtu akaingiza kolamu mpya mara baada ya tarehe, kwa sababu ndio wenye bei kubwa na alitaka waonekane mbele. Calc ilifanya wajibu wake: ilirefusha masafa, yaani eneo la seli linalosomwa, yakawa $A$2:$D$200. Lakini ile 2 si anwani ya seli. Ni namba tupu, na hakuna programu inayoweza kujua kwamba ulimaanisha "kichanja". Tangu dakika hiyo 2 ikawa kukaanga, na 3 ikawa kichanja.

Tuone gunia moja. Kilo 38 halisi za kichanja kwa shilingi 6,000 ni 228,000. Daftari likasoma 9,500 ya kukaanga na kuandika 361,000, yaani deni hewa la 133,000 kwa gunia. Gunia la mchangani la uzito huohuo, ambalo kwa 3,200 ni shilingi 121,600, likapanda hadi 228,000.

Januari nayo ilishuka kwa sababu dagaa wa kukaanga hawakuwa na bei wakati huo. Seli zilikuwa tupu, VLOOKUP ikarudisha utupu, na utupu ukizidishwa kwa kilo ni sifuri. Mistari hiyo ilikuwa mamia ya safu juu ya skrini, mahali ambapo hakuna anayepanda kuangalia. Upande mmoja hesabu ilipungua, upande mwingine ilizidi, na jumla ya mwaka ikabaki na sura ya kuaminika. Hilo ndilo baya zaidi katika kosa hili: halikutoa alama yoyote.

Kulikuwa na kosa la pili lililojificha. VLOOKUP isipopewa kipengele cha nne huchukulia kwamba orodha imepangwa kutoka ndogo kwenda kubwa. Kwa bei zinazobadilika kwa tarehe hilo ndilo lililotakiwa, maana mzigo wa tarehe 12 uchukue bei iliyoanza tarehe 9. Lakini bei iliyosahaulika ikiongezwa chini kabisa ya orodha badala ya mahali pake, matokeo hayaaminiki tena, na hapo pia hutapata onyo.

Toleo lipi, na kwa nini si jipya kuliko yote

Kuanzia 2024 LibreOffice inahesabu matoleo yake kwa mwaka na mwezi. 7.6 ilifuatiwa na 24.2, kisha 24.8, 25.2 na 25.8. Kwa kisa hiki mambo mawili yalikuwa na uzito. Toleo la 24.8 lilileta kundi la fomula ambazo watu wa Excel walikuwa nazo tayari: XLOOKUP, XMATCH, FILTER, SORT, SORTBY, UNIQUE, SEQUENCE, RANDARRAY na LET. Toleo la 25.2 likaongeza dirisha la kushughulikia mistari iliyojirudia.

25.8 ina mengi ya kutamanisha, ila haikubali tena Windows 7 wala 8. Laptopu ya Ukerewe ndiyo iliyoamua: 25.2 kwa mashine zote nne. Ni kweli kwamba kila tawi la LibreOffice hupata marekebisho kwa takriban miezi tisa tu, na Windows 7 yenyewe ilikoma kutunzwa na Microsoft Januari 2020, kwa hiyo huu ni mpango wa muda. Hata hivyo, toleo moja lililozeeka kidogo kwenye mashine zote ni salama kwa daftari la pamoja kuliko matoleo manne tofauti yenye jipya moja ndani yake.

Siku za kazi hii zilijichagua zenyewe. Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwa kali taa haivuti kitu. Mitumbwi hupumzika, na siku chache baadaye mzigo mwaloni hupungua. Anayetaka kubadilisha programu kwenye ofisi ya dagaa asifanye hivyo wakati wa giza la mwezi, msimu umekolea.

Uwekaji, na mtego wa Ubuntu

Kwanza faili lote linanakiliwa, pamoja na folda ya mipangilio ya mtumiaji. Kwenye Windows ni %APPDATA%\LibreOffice\4\user, na kwenye Ubuntu ni ~/.config/libreoffice/4/user. Usishangae ile 4, toleo jipya nalo linatumia folda hiyohiyo. Faili la kusakinishia la Windows lina zaidi ya MB 300, hivyo lipakuliwe mara moja na kuhamishwa kwa flashi. Windows 7 inahitaji Service Pack 1 na sasisho la KB3063858, na ikiwa ni ya biti 32 inataka kifurushi chake tofauti.

Windows hazikusumbua. Kwenye Ubuntu karani alifungua faili lenye fomula mpya akakuta kolamu nzima ya #NAME?, alama ya jina la fomula lisilotambulika, na ndani ya seli jina limegeuka com.microsoft.xmatch kwa herufi ndogo. Programu mpya ilikuwa imewekwa na hakuna hatua iliyoleta kosa. Tatizo ni kwamba Ubuntu 22.04 inakuja na LibreOffice 7.3 yake, na vifurushi vinavyotolewa na mradi wenyewe haviigusi. Vinakaa pembeni, kwenye /opt/libreoffice25.2. Ukibofya faili mara mbili, ya zamani ndiyo inayoitika. Zaidi ya hapo, zote mbili zinatumia folda moja ya mipangilio, kwa hiyo ile 7.3 ikiwa wazi, hata ukiita mpya, faili linaweza kufunguliwa ndani ya ile iliyo wazi.

Dawa ni kuondoa ya zamani, na mpangilio wa hatua una maana:

sudo apt remove libreoffice-core libreoffice-common
tar -xzf LibreOffice_25.2*_deb.tar.gz
cd LibreOffice_25.2*/DEBS
sudo dpkg -i *.deb

Ukiweka mpya kwanza halafu ukaondoa kwa kuandika libreoffice* yenye nyota, unaweza kufyeka zote mbili, maana vifurushi vipya navyo majina yao yanaanza na libreoffice25.2. Ukimaliza, ingia Help, kisha About LibreOffice, usome namba kwa macho yako. Fanya hivyo kwenye kila mashine kabla faili halijaguswa. Na ukiona #NAME? usihifadhi, funga faili kwanza ujue uko kwenye toleo gani.

Fomula iliyochukua nafasi ya ile 2

Kolamu ya daraja, E, sasa inabeba neno lilelile lililo kwenye kichwa cha kolamu ya bei. Bei inapatikana hivi:

=INDEX($Bei.$B$2:$D$200;XMATCH(A2;$Bei.$A$2:$A$200;-1);XMATCH(E2;$Bei.$B$1:$D$1))

INDEX inachota bei ya mstari na kolamu inayotajiwa, na XMATCH mbili ndizo zinazozitaja. XMATCH ya kwanza inatafuta tarehe. Ile -1 maana yake: ikikosekana tarehe yenyewe, chukua iliyo ndogo yake ya karibu zaidi. Haidai orodha iwe imepangwa, na hiyo ndiyo faida yake kubwa kuliko MATCH ya zamani. XMATCH ya pili inatafuta neno la daraja kwenye vichwa, na bila maelekezo mengine inataka neno lilelile. Ingiza kolamu popote katikati ya B na D, fomula itamfuata kichanja alipokwenda. Ukiiweka nje ya mipaka hiyo, masafa hayataifikia, basi ongeza katikati.

Tuseme ukweli: nusu ya kazi hii ingefanywa na INDEX na MATCH kwenye toleo lolote la miaka kumi iliyopita, na ofisi isiyoweza kubadilisha toleo ifanye hivyo leo hii. Kinachobaki hapo ni sharti la kupanga tarehe, na sharti linalotegemea kumbukumbu ya mtu mwenye foleni ya magunia mbele yake litavunjwa.

Kwa jina la mleta mzigo, ambalo ni utafutaji wa kawaida, XLOOKUP inatosha:

=XLOOKUP(C2;$Waleta.$A$2:$A$300;$Waleta.$B$2:$B$300;"MSIMBO HAUPO")

Mashine nyingine zinataka koma badala ya nukta-mkato. Utaona ni ipi kwenye Tools, Options, LibreOffice Calc, Formula, sehemu ya Separators.

Zile seli tupu za bei ya kukaanga kabla haijaanza zilijazwa neno HAIKUWEPO. Linaonekana kama mapambo, ila lina kazi: neno likizidishwa kwa kilo linatoa #VALUE!, nayo inaonekana kuliko sifuri. Afadhali daftari likatae kujumlisha kuliko lijumlishe uongo.

Bado palikuwa na mistari iliyotoa #N/A, alama ya kwamba kinachotafutwa hakikupatikana, yote kutoka kwenye flashi ya Ukerewe. Tarehe zilikuwa zimenakiliwa kutoka kwenye ujumbe wa simu na zimekuwa maandishi, si tarehe. Ukibonyeza Ctrl+F8 Calc inapaka rangi: namba na tarehe za kweli zinakuwa bluu, fomula kijani, maandishi yanabaki meusi. Chagua kolamu, nenda Data, Text to Columns, bofya kichwa cha kolamu ndani ya dirisha na uchague Date (DMY). Usiache hiyo DMY. Kwenye laptopu iliyowekwa kwa mpangilio wa Marekani, 3/7 ni tarehe 7 Machi, na bei itachotwa kwa utulivu kabisa kutoka mwezi usio wake. Lugha ya mpangilio ilibadilishwa pia, Tools, Options, Languages and Locales, ili kesho isirudi ileile.

Kolamu E ikafungwa kwa Data, Validity, Cell range, chanzo kikiwa vichwa vya karatasi ya Bei, ili karani achague badala ya kuandika. Kumbuka Validity inamzuia anayeandika, anayebandika inampita.

Magunia yaliyojirudia

Hapa 25.2 ilirahisisha kazi ya siku nzima. Chagua jedwali lote pamoja na vichwa, nenda Data, kisha Duplicates, useme kwamba vichwa vimo, utie alama kolamu za kulinganishwa, halafu uchague kati ya kuonyesha marudio na kuyafuta. Chagua kuonyesha.

Namba ya stakabadhi peke yake haitoshi kuwa kigezo. Vitabu vya stakabadhi huchapishwa kuanzia 001, na Ukerewe na Kirumba kila mmoja ana kitabu chake, kwa hiyo namba 047 mbili ni mizigo miwili halali. Alama ziliwekwa kwenye tarehe, stakabadhi, msimbo wa mleta na uzito ghafi. Hata hapo yanatokea magunia mawili ya mtu mmoja yenye uzito sawa kwenye stakabadhi moja, na programu haiwezi kuyatofautisha. Yalikaguliwa kwa jicho dhidi ya kitabu, moja moja, kisha ndipo yakafutwa yaliyostahili.

Muhtasari wa visiwa, na #N/A zisizo kosa

Mhasibu alitaka orodha ya visiwa inayojitengeneza, na kilo za kila kimoja. Fomula ni hii, ikifungwa kwa Ctrl+Shift+Enter:

=SORT(UNIQUE(FILTER($Mapokezi.$D$2:$D$9000;$Mapokezi.$D$2:$D$9000<>"")))

Waliotoka Excel mpya hutegemea orodha ijitanue yenyewe data ikiongezeka. Kwenye Calc eneo la fomula ya namna hii limefungwa ukubwa wake tangu ulipoiingiza. Ukichagua seli 5 na kisiwa cha sita kikaja, hakitaonekana, na mzigo wake hautamo kwenye muhtasari. Kwa hiyo chagua seli 30 tangu mwanzo. Zitakazozidi zitaonyesha #N/A, na IFERROR, fomula ya kubadilisha kosa kuwa kitu kingine, ikiwekwa ndani haiziondoi kwa kuwa ziko nje ya matokeo yenyewe. Zifiche kwa mpangilio wa masharti (Conditional Formatting) unaotumia ISNA, fomula inayotambua #N/A, na kupaka maandishi rangi ya karatasi, na jumla ya chini uifanye hivi ili ipuuze makosa:

=AGGREGATE(9;6;H2:H31)

Kubadilisha fomula hiyo baadaye, simama ndani yake ubonyeze Ctrl+/ (ile / ya upande wa namba wa kibodi) ili eneo lote lichaguliwe. Seli moja peke yake haikubali kuguswa.

Orodha hiyo ilitoa faida isiyotarajiwa. Ukara ilionekana mara mbili, moja chini ya nyingine. Ya pili ilikuwa na nafasi mwishoni, na kwa miezi kadhaa mzigo wake ulikuwa unakosekana kwenye SUMIFS ya zamani, fomula ya kujumlisha kwa masharti.

Faili linapotoka ofisini

Mnunuzi mwenye Excel 2016 au 2019 hana XLOOKUP wala XMATCH. Nakala ya kumpelekea inaondolewa fomula kwanza: chagua jedwali, Data, Calculate, Formula to Value, kisha hifadhi kama XLSX kwa jina jingine. Hatua hiyohiyo ndiyo inayofunga mwezi sasa. Januari ikishakaguliwa inageuzwa kuwa namba tupu, na hakuna kolamu itakayoingizwa Juni ikaifikia.

24.8 iliongeza nguvu ya kuondoa taarifa binafsi wakati wa kuhifadhi, kwenye Tools, Options, Security, Options. Inaondoa majina ya waandishi, saa za uhariri, hata jina la printa. Karatasi ya Bei uliyoificha haiondoi. Ifute mwenyewe kwenye nakala.

Kuhusu umeme: tangu 24.2 kuhifadhi taarifa za uokoaji na nakala za akiba vimewashwa bila mtu kuomba, ila folda ya mipangilio ya zamani inaweza kuwa imebeba uamuzi wa zamani, kwa hiyo angalia Load/Save, General. Dakika 10 za kawaida ni nyingi kwenye mizani. Hapo ziliwekwa 3. Umeme ukikatika, faili lililoanza na .~lock linabaki kwenye folda na mashine nyingine zitaambiwa kuna mtu ndani. Hakikisha hayupo, ndipo ulifute.

Kilichoachwa kando ni VSTACK, fomula ya 25.8, ambayo ingeunganisha karatasi za Ukerewe, Kome na Maisome kuwa moja kwa fomula moja. Mhasibu aliiona na anaitaka. Laptopu ya Windows 7 ikibadilishwa, au ikiwekewa Linux, mlango utafunguka kwa mashine zote nne siku moja. Kabla ya hapo mhasibu anaweza kuijaribu kwenye faili lake la pembeni, kwenye mapokezi.ods haiingii.